Likizo Msimbati: Tazama Mwezi Kwanza, Ndipo Upange Safari

Wengi wanaorudi kutoka ufukwe wa Msimbati, Mtwara, na manung'uniko hawakukosea mahali, walikosea siku. Wamekwenda Jumamosi kwa sababu ni Jumamosi. Wamefika saa nne asubuhi bamvua, yale maji yanayopanda na kushuka sana, ikiwa kali, wakakuta maji yamekimbia na upande wa ndani wa ghuba umebaki nyasi za bahari, tope na akina mama wanaochokoa pweza kwenye mashimo. Wakangoja. Mchana maji yalipoanza kujaa kwa kasi wakaingia karibu na mlango wa ghuba, mkondo ukawavuta miguu, wakatoka na hofu. Jioni wakafunga mizigo. Wangefika wiki moja baadaye, saa ileile na palepale, wangekuta maji yamefika juu kwenye mchanga mweupe, yametulia, na chini yake unaona kivuli chako mwenyewe.

Kwa hiyo tathmini hii inaanza na mwezi. Barabara, malazi, chakula, vyote vinafuata. Msimbati ni ufukwe bora kuliko wowote unaofikika kwa gari kutoka Mtwara mjini, na hilo tunalisema bila kusita, lakini ubora huo una ratiba yake.

Kijiji kiko kusini mashariki mwa mji, zaidi ya kilomita 40, kwenye rasi inayoikumbatia Ghuba ya Mnazi. Ukipita kijiji na kuendelea kwa njia ya mchanga kama kilomita 7 unafika Ruvula, kwenye ncha, ambako ufukwe ni mzuri zaidi na watu ni wachache zaidi. Eneo lote limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650 hivi: matumbawe, mikoko, nyasi za bahari, visiwa vidogo kama Namponda na Mongo, na vijiji vya wavuvi. Siku ya kawaida, asiye mkazi utakayekutana naye ufukweni ni mmoja au hakuna. Hakuna safu za viti vya kukodisha wala spika mbili zinazoshindana. Anayetaka hivyo Zanzibar ipo, na Dar es Salaam ina fukwe zake.

Sasa mwezi. Watu wa pwani huhesabu kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu, na hesabu hiyo ndiyo rahisi kuliko programu yoyote ya simu. Mwezi ukiandama hadi mwezi tatu, na tena mwezi kumi na tano hadi kumi na saba, ni bamvua. Maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Katika siku hizo maji hujaa kabisa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Mwezi nane hadi kumi, na ishirini na mbili hadi ishirini na nne, ni maji mafu: tofauti ya kujaa na kupwa hubaki kama mita 1 tu, na saa zinageuka, maji yanajaa karibu na saa nne asubuhi. Kati ya hapo, ongeza dakika 50 kila siku. Ukijua leo yamejaa saa kumi jioni, kesho ni saa kumi na dakika hamsini, keshokutwa ni karibu na saa kumi na mbili kasorobo. Hesabu hii hukosea kwa dakika chache, nusu saa hivi, haikosei kwa siku.

Kinachofuata ni kuchagua unachokwenda kukitaka. Kuogelea na watoto, au kutazama matumbawe kwa miwani na mrija, kunataka maji mafu. Mkondo ni mdogo, mchanga wa chini hauchafuki, na maji mengi yapo asubuhi kabla jua halijawa kali. Kula pweza mbichi wa siku hiyo kunataka bamvua, maana ndipo mwamba unapokauka na wanaomtafuta wanamfikia kwa miguu. Dagaa nao wana mwezi wao: huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu mashua nyingi za dagaa hupumzika. Huwezi kuvipata vyote kwa usiku mmoja. Anayeweza kukaa usiku tano, aanze mwezi kumi na kumaliza mwezi kumi na tano. Anaanza na maji ya kuogelea, anamaliza na pweza, na usiku wa mwisho mwezi mpevu unaangaza ufukwe mzima hata taa haina kazi. Mwenye siku mbili tu achague maji mafu.

Baada ya mwezi, upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi linavuma. Hewa ni kavu, usiku kuna ubaridi, mbu ni wachache, lakini upande wa nje wa rasi bahari inachafuka na kutoka kwa boti ndogo ni mateso. Desemba hadi Machi ni kaskazi, joto na mvua, na njia ya vumbi inageuka njia ya matope. Tangambili, ule muda wa Oktoba na Novemba ambao kusi limekwisha na kaskazi halijashika, ndio wakati wa Msimbati. Bahari inalala asubuhi nzima, maji yanaonyesha chini, mabibo yameanza kuiva mashambani. Kasoro yake ni moja, na si ndogo: upepo ukikosekana, mbu na usubi wanajaa jioni, hasa upande wa ndani karibu na mikoko. Weka hema upande wa nje wa rasi.

Njia ya kufika haina siri. Kutoka Mtwara mjini unashika barabara ya Kilambo, ile inayokwenda kivuko cha Mto Ruvuma, hadi Madimba, kisha unakunja kushoto. Madimba utaitambua kwa mitambo ya kusafisha gesi. Kuna magari ya abiria kutoka mjini hadi kijijini. Yanajaa polepole na hayana saa kamili, kwa hiyo kuwahi asubuhi ndiyo kanuni, na anayepanga kurudi siku hiyohiyo amuulize kondakta kabla ya kushuka gari la mwisho linageuza saa ngapi. Kutoka kijijini hadi Ruvula ni bodaboda. Patana bei ya kwenda na kurudi kwa pamoja, chukua namba ya simu ya dereva, umlipe nusu kwanza. Ukimlipa yote, safari ya kurudi inategemea kama amepata abiria mwingine.

Kwa gari binafsi, hadi kijijini gari lolote lenye tumbo la juu kidogo linafika kiangazi. Baada ya hapo ni mchanga, na mchanga wa njia ya Ruvula ni ule mkavu, mlaini kama unga wa muhogo. Noah zinakwama hapo kila msimu kwa sababu ileile: dereva anaingia na upepo kamili kwenye matairi, gari linaanza kuzama, anakanyaga mafuta, magurudumu yanachimba, chesisi inakaa juu ya mchanga. Dawa ni kushusha upepo kabla ya kuingia. Tairi lenye upepo wa PSI 35 lishushe hadi 18 au 20. Tairi linapanuka, uzito unatawanyika, gari linaelea juu ya mchanga. Shika gia ndogo, mwendo mmoja bila kukatisha, usikate kona ghafla, maana tairi lenye upepo mdogo linaweza kutoka kwenye ringi. Ukikwama, usibishane na mchanga. Toa watu wote, chimba mbele ya kila gurudumu hadi kuwe na mteremko mrefu badala ya ukingo, tandika makuti au mbao mbili, utoke taratibu. Pampu ya kuchomeka kwenye gari lazima uwe nayo, kwa sababu ukirudi barabara ngumu na upepo wa 18 unaua matairi kwa kilomita chache.

Wapo wanaopita na gari ufukweni kwenyewe maji yakiwa yametoka, ili kukwepa mchanga mlaini. Tunaomba msifanye hivyo. Kasa hupanda ufukwe huu usiku kutaga, anachimba shimo, anaacha mayai yanayoweza kuzidi mia moja, anafukia na kurudi baharini. Mayai yanakaa chini ya mchanga kama siku 50 hadi 60. Gari moja likipita juu yake mchanga unashindiliwa, na vifaranga wanaoanguliwa hawawezi kuchimba kutoka. Na hata tukiacha kasa, maji yakianza kujaa wakati umekwama pale, gari hilo si lako tena.

Getini kwa hifadhi kuna kiingilio. Viwango vya raia, wakazi na wageni wa nje vinatofautiana, na hubadilika, hivyo uliza ofisi ya hifadhi kabla ya safari. Mtanzania abebe kitambulisho cha NIDA, maana bila hicho huna cha kuthibitisha kwamba unastahili kiwango cha raia. Malipo ya Serikali hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa simu au benki, kwa hiyo weka salio kwenye simu ukiwa bado mjini ambako mtandao hausumbui. Kama unataka kupiga hema, kutumia boti au kuvua, sema palepale getini. Kila kimoja kina utaratibu wake, na ni rahisi kulimaliza jambo mlangoni kuliko kufuatwa ufukweni.

Kisha pita kijijini usalimie. Msimbati ni kijiji cha watu, wenye misikiti, madrasa, misiba na harusi zao. Mzee unampa shikamoo yake, mama anayeanika samaki unamuomba ruhusa kabla ya kumpiga picha, na nguo za kuogelea zinabaki ufukweni. Ijumaa mchana usitegemee nahodha wala bodaboda hadi swala iishe. Atakayekupa boti nzuri, samaki mzuri na taarifa ya kweli kuhusu mkondo ni mtu wa pale, na hakupi hayo kwa sababu una pesa peke yake.

Malazi ni ya kawaida sana, na yanafunguka na kufunga kulingana na msimu. Usiende ukitegemea chumba ambacho hujakithibitisha kwa simu siku mbili kabla. Hema ndilo la uhakika. Vigingi vya kawaida vinang'oka kwenye mchanga upepo ukianza: jaza mchanga kwenye mifuko ya sandarusi, funga kamba katikati ya mfuko, uufukie kwa kina cha sentimita 40, uvute kamba hadi ikaze. Mifuko minane inatosha hema la watu wanne na turubai la kivuli. Usifunge kamba kwenye minazi yenye madafu juu, wala usilale chini yake. Nazi moja iliyokomaa ikidondoka inaua.

Maji ya kunywa nenda nayo. Visima vya rasi vina maji yenye chumvichumvi, yanafaa kuoshea vyombo na kujimwagia, hayafai chai. Hesabu lita 4 kwa mtu kwa siku, ya kunywa na kupikia. Watu wanne kwa usiku mbili ni madumu mawili ya lita 20, na usipunguze. Barafu ya kusaga inayeyuka siku hiyohiyo. Gandisha chupa za maji za lita moja na nusu, panga kwenye kasha la barafu, zinashika hadi siku ya pili na zikiyeyuka unakunywa. Mchele kilo 2, nazi nne, vitunguu, nyanya, ndimu nyingi, chumvi, debe moja la mkaa. Vitoweo usinunue mjini.

Hapo ndipo Msimbati inaposhinda hoteli. Mashua zinaporudi asubuhi unasimama mchangani na kuchagua: changu, tasi, kolekole, mara nyingine nguru. Samaki wa asubuhi hiyo jicho lake limetuna na linang'aa, shavu ukilifunua ni jekundu la damu, na ukimbonyeza ubavuni nyama inarudi. Jicho likishazama na shavu likiwa la kahawia, huyo ni wa jana. Kilo moja na nusu ya changu, yaani watatu wa wastani, inashibisha watu wanne. Mkate mara tatu kila ubavu hadi karibu na mfupa, mpake chumvi, ndimu na kitunguu saumu, mwache nusu saa, umweke juu ya makaa yaliyofunikwa na jivu jeupe. Makaa yakiwa bado yana mwali, ngozi inaungua na ndani kunabaki kubichi.

Pweza anataka uangalizi zaidi. Kwanza, usinunue mdogo. Kanuni za uvuvi zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, kwa sababu hajazaa bado, na anayenunua ndiye anayemfanya mvuvi amtoe shimoni. Chagua wa kilo moja na kuendelea. Anapigwa juu ya jiwe hadi mikono ilegee, anasuguliwa kwa chumvi ile utelezi utoke, anaoshwa. Kisha wengi wanamharibu: wanamtia kwenye maji mengi, chumvi juu, moto mkali, anakaza kama mpira wa baiskeli. Mweke kwenye sufuria bila maji na bila chumvi, funika, moto wa wastani. Ataachia maji yake mwenyewe, mekundu ya zambarau, na atajipika humo kwa dakika 40 hadi saa nzima. Mchome kwa uma mahali mkono unapounganika na kichwa. Ukipita bila kusukuma, ameiva. Atakuwa amebaki karibu nusu ya uzito wake, ndiyo maana kilo moja si nyingi. Sasa ndipo chumvi, kitunguu, nyanya na tui jepesi, na mwisho tui zito, dakika tano bila kufunika na bila kuacha kukoroga ili lisikatike. Wali wake ni wa nazi mbili kwa kilo ya mchele.

Kiangazi, kijijini na hata njiani, uliza ming'oko. Ni mizizi ya porini ambayo watu wa Mtwara na Lindi huchemsha na kuila kwa chumvi na pilipili, na mgeni asiyeijua huko kwao hataipata kwingine kirahisi. Msimu wa korosho mtu akikukaribisha kubangua za kuchoma, ngoja zipoe na shika ganda kwa jivu au kitambaa. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, na ukipitisha mkono huo machoni siku yako imekwisha.

Kuna viumbe viwili vya baharini ambavyo hata ukikirimiwa ukatae. Bunju, yule samaki anayejijaza hewa, ana sumu. Nyama ya kasa imekatazwa na sheria, na wakati mwingine inabeba sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Machi 2024, kisiwani Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila.

Turudi majini. Ruvula ina sifa ambayo fukwe nyingi za Kusini hazina: kina kiko karibu. Huhitaji kutembea nusu kilomita kwenye mwamba ndipo upate maji ya kuogelea. Sifa hiyohiyo ndiyo hatari yake. Maji yote yanayoingia na kutoka ghubani yanapita milangoni mwake, na karibu na ncha ya rasi mkondo wa bamvua unamshinda muogeleaji hodari. Yanapojaa yanakusukuma ndani, angalau kuna nchi mbele yako. Yanapopwa yanakupeleka nje, baharini kabisa. Kwa hiyo ingia katika saa ya mwisho ya kujaa, furahia maji yanaposimama, na toka mara tu unapoona kamba ya mashua iliyotia nanga imeanza kugeuka. Kamba hiyo ndiyo saa yako. Ukishikwa, usipigane nao uso kwa uso. Ogelea kukatisha, sambamba na ufukwe, hadi utoke kwenye mkondo, kisha ndipo uelekee nchi kavu. Watoto wabaki upande wa ndani, mbali na ncha.

Matumbawe hapa bado ni ya kutazamwa. Maji ya moto ya mwaka 1998 na ya 2016 yaliyachoma matumbawe katika eneo kubwa la Magharibi ya Bahari ya Hindi, na baruti ya wavuvi haramu imeacha makovu yake Kusini, lakini ukizamisha uso siku ya maji mafu utaelewa kwa nini hifadhi iliwekwa. Leta miwani na mrija wako mwenyewe. Usitarajie vya kukodi. Jaribu miwani kabla ya safari: ibandike usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, ikishika bila mkono haivuji. Vaa viatu vya plastiki ukitembea kwenye maji mafupi, na buruta nyayo badala ya kuzinyanyua, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia mchangani akusikie aondoke. Usisimame juu ya tumbawe. Linavunjika kwa sekunde na linakua kwa sentimita chache tu kwa mwaka, mengine hata sentimita moja haifiki.

Miiba ya nungu wa bahari ikikuingia, toa inayoonekana kwa kibanio, iliyozama usiichimbe kwa sindano. Ukichomwa na taa au na yule samaki anayefanana na jiwe, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, maana joto linavunja nguvu ya sumu hiyo. Kisha hospitali. Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa, iko mjini, zaidi ya saa moja kwa gari, ndiyo maana chupa moja ya chai yenye maji ya moto isikauke kambini na gari moja lisizibwe nyuma ya mengine.

Boti ya kwenda visiwani ni makubaliano na nahodha. Kagua kabla ya kupanda: jaketi la kuokolea kwa kila mtu, mafuta ya kwenda na kurudi na akiba, pondo au makasia kama mashine ikizima, na kopo la kutolea maji. Nahodha akisema, "Leo hapana, mwanangu, upepo huu si mzuri," mshukuru, usimuongezee pesa. Kati ya Julai na Novemba, bahari ikiwa imelala, muulize kuhusu nyangumi. Wale wenye nundu hupita pwani hii wakitoka maji ya baridi ya kusini kuja kuzaa, na kwa sababu ya kina kilicho karibu unaweza kuona mvuke wao ukiwa umekaa mchangani Ruvula. Tafuta pumzi nyeupe inayopanda na kupotea, asubuhi kabla ya saa tatu, kabla upepo haujavunja uso wa maji. Ukiwa kwenye boti, zima mashine kwa mbali na subiri. Usimfukuze mama mwenye mtoto.

Yapo mambo mawili ambayo matangazo ya safari hayasemi. La kwanza ni gesi. Iligunduliwa hapa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na tangu 2015 bomba linaipeleka Dar es Salaam. Visima vimo humuhumu kwenye rasi. Haviharibu kuogelea wala havinuki, lakini utaona uzio na vibao, na maeneo hayo huingii wala hupigi picha. La pili ni mpaka. Vita vya Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, vilianza 2017, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya upande wetu kilishambuliwa. Ulinzi umeimarishwa, kwa hiyo utasimamishwa njiani: kitambulisho mkononi, majibu mafupi, na usiendeshe usiku. Serikali ya Uingereza imekuwa ikiwashauri raia wake wasiende ndani ya kilomita 20 za mpaka wa Msumbiji bila ulazima, na Msimbati inaangukia kwenye ukanda huo au ukingoni mwake. Mgeni mwenye bima ya safari asome masharti yake, maana bima nyingi hufuata ushauri wa namna hiyo. Kwa yeyote, uliza hali kwa watu wa hifadhi wiki ya safari.

Kama haya yote ni mazito kwa familia yako, Shangani, hapohapo Mtwara mjini, ni salama na rahisi, mikondo ni midogo, ila ni ya maji yakijaa tu. Mikindani, kama kilomita 10 kutoka mjini, ni ya kutembea zaidi kuliko kuogelea: ghuba iliyojifunga kama bakuli, nyumba za mawe, boma la Wajerumani la mwaka 1895, na pwani ambayo Livingstone alianzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Walioko Lindi wana Kitunda, ng'ambo ya maji. Ni tulivu, ni karibu, na haifikii Ruvula.

Kuja kutoka Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 560 na lami, lakini masika yaheshimu. Mvua za 2024, pamoja na Kimbunga Hidaya mwezi Mei, zilikata barabara eneo la Somanga na wasafiri wakakaa. Likizo ya Aprili usiipange bila siku mbili za ziada.

Siku ya kuondoka Ruvula, toka asubuhi mapema mchanga ukiwa bado na umande, maana mchanga wenye unyevu hushikana na wa saa saba mchana haushikani. Taka zako ziwe kwenye kiroba, zirudi mjini. Kijijini hakuna pa kuzipeleka. Ukifika njia ngumu simama, rudisha upepo hadi 35, tairi moja moja, na kaza nati za ringi. Mtwara mjini peleka gari liosheshwe siku hiyohiyo, na mwambie kijana aanze chini kwa maji baridi mengi: chesisi, ndani ya matao ya magurudumu, breki. Juu panaweza kungoja kesho.